Breki za Bi Mdogo na Kinu cha Bibi

Babu, mume wangu,

Shikamoo huko uliko. Marahaba yako siisikii lakini naijua, ile ndefu inayopitia puani kama mtu anayeonja mchuzi, basi nimejiitikia mwenyewe ili tuendelee.

Nakuandikia nimekaa juu ya tairi la nyuma la Bi Mdogo, na hicho kidoa kwenye karatasi ni dole gumba langu. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa mafuta ya taa, grisi imekataa kutoka. Na habari yenyewe nakupa sasa hivi, maana kungoja siwezi, unanijua. Bi Mdogo anasimama! Ukikanyaga, anasimama. Amenyooka, haendi kushoto, haendi kulia, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Barua hii naiacha wazi, na wengi watakaoisoma hawatujui, kwa hiyo nitakuhadithia hata mambo unayoyajua. Nivumilie.

Unakumbuka siku uliyomleta? Trekta limechoka, limebeba chumvi miaka na miaka kule pwani, kutu hadi kwenye usukani. Uliingia nalo uani hapa Tingi unapiga honi, na honi yenyewe ilikuwa mdomo wako, maana ile ya trekta ilishakufa. Bibi akatoka na ungo wa mchele mkononi, akalizunguka mara moja, akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa hulali. Umeoa."

"Nimeoa," ukamjibu. "Huyu ni Bi Mdogo. Mpokee mwenzio."

"Amezaa mara ngapi huyu?"

"Hata mara moja. Mwali kabisa."

"Mwali gani ana kutu mpaka kwenye meno?"

Jina likabaki hapo. Bibi mke mkubwa, trekta Bi Mdogo, na mimi mjukuu wako, kwa utani wetu, mke wa tatu. Mpaka leo Bibi akiniita kutoka jikoni ananiita "mke mwenzangu." Nikisikia "Somoe" najua nimekosea.

Wewe hukunifundisha ufundi, tuseme ukweli. Uliniacha nishike. Nikifungua nati, wengine wote walikuwa wanasema "acha, utaharibu." Wewe ulikuwa unasema, "Haya, ukimaliza kuharibu niite." Nikaharibu redio. Nikaharibu baiskeli ya Baba Mdogo Hamisi. Nikaharibu taa ya sola, ukaniita fundi mbele ya wageni na taa haiwaki. Baadaye vitu vikaanza kupona mikononi mwangu, hata sijui lini. Mengine nimeyapata kwenye simu, nikipanda kwenye kichuguu nyuma ya banda la mbuzi ambako mtandao unashika, naangalia video za mafundi wa nchi nisizozijua. Maneno yao sielewi. Mikono yao naielewa.

Na kandambili zangu za Idi, unazikumbuka? Za njano, zenye ua jekundu katikati ya kisigino. Nilikuwa na miaka saba, nikazivaa siku moja tu. Kesho yake nimeamka, moja haipo. Nililia mpaka nikatapika. Ukanibeba begani, ukanionyesha kunguru juu ya mnazi, ukasema, "Unamwona yule? Ndiye aliyechukua. Anamtandikia mkewe." Babu, niliwapiga kunguru mawe mwaka mzima. Iweke pembeni hiyo kandambili, nitaijia.

Na mteremko wetu. Ukitoka shamba la ufuta unapanda kilima, kisha unashuka moja kwa moja mpaka uani kwetu. Kila msimu ulikuwa unashuka na tela la magunia, Bibi amekaa kushoto kwako juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi, na mkifika chini ukikanyaga breki Bi Mdogo anavuta kushoto, vuuu, mnaingia kwenye fungu la mchanga kando ya njia, mnasimama. Kila siku hivyo hivyo. Sisi watoto tunapiga makofi. Nilikuuliza kwa nini husimami njiani kama watu wengine, ukasema, "Huyu ana mambo yake ya kushoto." Nikaona nimejibiwa.

Ulipotutoka, Bi Mdogo alikaa bandani msimu mzima. Hakuna aliyetaka kukalia kiti chako. Mwaka huu ufuta ukakubali, ukakubali haswa, na Baba Mdogo Hamisi akasema atamtoa. Akashuka mteremko na tela, akakanyaga breki. Ule mchanga, Babu, mvua ilishauchukua. Bi Mdogo akavuta kushoto vile vile kwa mazoea yake, akapita palipokuwa na mchanga, akaingia kwenye banda la kuku la Bibi. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu. Jogoo alitokea upande wa pili hana mkia, akaenda moja kwa moja kusimama mlangoni kwa imamu kama mtu anayetaka kushtaki.

Baada ya alasiri tukakaa mkekani. Baba Mdogo akaanza. "Mama, leo kuku, kesho mtoto wa mtu. Tumuuze." Alikuwa ameshampigia mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja na lori Jumamosi, amkate vipande aondoke naye. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Bibi akatazama kilimani, na mimi nilijua anachokitazama. Magoti yake hayapandi kilima tena. Tangu uondoke hajalikanyaga lile shamba, shamba mlilolifyeka wenyewe mkiwa vijana, anapata habari zake kwa midomo ya watu kama habari za mtoto aliyeolewa mbali. Bi Mdogo akikatwa vipande, Bibi na shamba lake ndiyo basi. Hakuna aliyelitamka hilo pale mkekani.

"Sitaki kumzika mtu kwa ajili ya ufuta," akasema. "Auzwe."

"Nipeni mpaka Jumamosi," nikaropoka. "Namtengeneza mimi."

Baba Mdogo akanitazama. "Umewahi kufungua breki ya trekta?"

"Bado."

"Umewahi hata kuiona?"

"Kwenye simu."

Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, ndoo yako ya kisimani ina tundu, mwezi wa tatu huu, kuiziba kumekushinda. Leo unataka kumtibu Bi Mdogo?"

"Ndoo haina injini, Bibi. Ndiyo maana haininogei."

Akacheka bila kutaka, nikamwona kabisa anajizuia. Halafu akanyoosha kidole jikoni, kwenye kinu chake. Kile ulichomchongea kwa mkono wako mwaka wa harusi yenu, ambacho hata jirani wa ukuta kwa ukuta haazimwi. "Jumamosi nakiweka kile pale chini ya mteremko, katikati ya njia. Wewe shuka na Bi Mdogo, na mzigo. Ukikigusa, lori linapakia. Usipokigusa, mimi napanda."

Sasa sikia aibu yangu. Video zote za breki nilizowahi kuangalia zilikuwa za magari, na kwenye magari breki inasukumwa na mafuta yake maalumu yanayopita kwenye mirija. Basi kesho yake nikatangaza kijiji kizima, kifua mbele, "Mafuta ya breki yamekwisha, ndiyo ugonjwa wake." Nikadandia bodaboda hadi Nangurukuru, nikarudi na chupa. Nikaanza kutafuta pa kumimina. Nikainama, nikalala chini, nikapanda juu, nikafunua boneti, nikafuata kila bomba. Hakuna pa kumimina. Saa nzima, chupa mkononi, na watu wameshajaa, wengine wamekuja na viti.

Bibi alikuwa anapepeta mchele kivulini. Hakuinua hata macho. "Mke mwenzangu," akasema, "unanikumbusha mtoto anayetafuta ziwa kwa baba yake."

Watu walianguka kwa kicheko, Babu! Na mimi nikaanguka nao, ningefanyaje? Bi Mdogo ni wa zamani, breki zake hazitumii mafuta hata tone. Ni vyuma vitupu. Unakanyaga pedali, fimbo inavuta, na ndani ya gurudumu breki shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinatanuka, zinabana drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Mwisho. Ile chupa ipo, naitumia kuzuia mlango usijifunge na upepo.

Jumatano nikaiacha simu ndani. Nikajiuliza wewe ungefanya nini, nikajijibu, ungeshika. Nikampeleka Bi Mdogo uwanja wa mpira, pale tambarare, mwendo wa polepole. Si ana pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya kulia, ili shambani ageuke pale pale. Barabarani unaziunganisha kwa komeo, unazikanyaga pamoja. Komeo lilikatika zamani, wewe ukazifunga kwa kipande cha kanga ya Bibi. Nikakifungua kile kipande, nikakitia mfukoni. Nikakanyaga ya kushoto peke yake. Gurudumu likabana, likachora mfereji mchangani. Nikakanyaga ya kulia. Hakuna kitu. Nikaisimamia kwa miguu yote miwili, nimeng'ang'ania usukani kama popo. Bi Mdogo anaenda zake, kama sijasema neno.

Nikashuka, nikagusa drami kwa kiganja. Ya kushoto inaunguza. Ya kulia baridi kama mtungi. Nikainama nikanusa, ikawa inanuka oili.

Nilipiga kelele peke yangu katikati ya uwanja. Kumbe hana mambo ya kushoto! Kushoto ndiko kuzima, kulia ndiko hakushiki. Miaka yote ile, Babu, tulikuwa tunaulaumu upande unaofanya kazi.

Alhamisi tukamfungua. Nikaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu mengine, nikampandisha kwa jeki, na chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, nikaegemeza kipande cha mkorosho, kwa sababu jeki ya kuazima siiamini. Lile gurudumu ni zito, usiombe. Kina mama waliokuwa wanakung'uta ufuta kwa jirani waliacha kazi wakaja kulishika, huku wakiniuliza kama mahari yangu italipwa kwa spana. Drami ikagoma. Chumvi ya miaka ile ilikuwa imeigandisha kwa kutu. Nikachukua nyundo, Bibi akaniwahi, "Wee! Chuma kwa chuma utaipasua!" Akanipa mchi wake wa kinu. "Gonga kwa mti, huku unazungusha. Mumeo ndivyo alivyokuwa akifanya."

Nikagonga, nikazungusha, nikagonga. Ikatoka.

Ndani mlikuwa na uji mweusi. Oili imevuja kutoka kwenye ekseli, imelowesha breki shuu zote mbili, zinang'aa kama samaki. Zitashika nini hapo? Nikafuta kwa tambara mpaka nikafika kwenye sili, ile pete inayozuia oili isitoke. Ilikuwa imekufa kitambo. Na juu yake palikuwa na pete nyingine, imekatwa kwa kisu, imevimba, imelegea, mpira laini wa njano.

Wa njano. Wenye nusu ya ua jekundu.

"Bibi," nikasema. "Bibi! Hii ni kandambili yangu ya Idi!"

Bibi akasogea, akaangalia, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Alisema mtoto ana kandambili mbili, akichukua moja bado atabakiwa na moja."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilimshikia tochi."

Babu! Na kunguru je? Niliwatukana kunguru wa Tingi hadi vizazi vyao, wamekufa wengine bila kuombwa radhi. Jana nimewamwagia pumba uani, ndiyo radhi yenyewe.

Lakini kazi yako siicheki. Najua siku zile sili haikupatikana, na ufuta haungoji. Kandambili yangu ilikusaidia msimu, labda miwili, halafu oili ikaula ule mpira. Hata mimi ningekata. Ningekata yako, lakini ningekata.

Nikaagiza sili na breki shuu mpya kwa dereva wa basi, nikapokea mzigo Somanga Ijumaa asubuhi. Nimeagiza za pande zote mbili, maana ukiweka mpya upande mmoja tu umeuhamisha ugonjwa, kesho atavuta kulia. Nikaichomoa ekseli, nikaweka sili mpya, nikaosha drami kwa petroli, nikaipiga msasa mpaka nikaona uso wangu. Baada ya swala ya Ijumaa Baba Mdogo Hamisi akaja, kanzu yake nyeupe, spana mkononi.

"Sijaja kukusaidia," akasema. "Nimekuja kuangalia unavyoharibu."

"Karibu. Shikilia hapo."

Kanzu hiyo sasa si nyeupe. Tukawa tunakaza nati ya kurekebishia mpaka gurudumu linaanza kukwaruza, tunailegeza kidogo mpaka linazunguka huru, tunaenda upande wa pili, tunarudi. Nikachomelea komeo jipya la pedali. Tukampeleka uwanjani, nikakanyaga zote pamoja, tukashuka kuangalia mchangani. Mifereji miwili, urefu mmoja. Baba Mdogo akaipima kwa hatua, akairudia, akaipima tena. Akanipa ile spana yake, akasema nisimrudishie.

Jumamosi lori likaja mapema. Mnunuzi ni mtu mcheshi, amekuja na minyororo na mtungi wa gesi wa kukatia vyuma, akapewa chai. Kijiji kizima kimesimama kando ya njia. Bibi akakibingirisha kinu mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakisimamisha chini kabisa ya mteremko, katikati. Mimi nipo juu, tela limejaa magunia ya mchanga, nasema Bismillahi mara ya kumi.

Nikaweka gia ndogo nikamwachia. Unajua anavyoanza pole pole halafu tela linaanza kumsukuma mgongoni. Naona watu wanapita pembeni, naona kinu kinakua. Nikakanyaga. Na mwili wangu wote, Babu, ulijiandaa kwenda kushoto. Mabega, shingo, hata meno. Miaka yote ya kuwaangalia mkienda kushoto ilikuwa ndani ya mwili wangu.

Hakwenda. Alikaa chini kama ng'ombe aliyechoka, akanyooka, akasimama.

Lakini boneti ni ndefu, imekificha kinu. Nimegusa? Sijagusa? Bibi akaja na fimbo yake, taratibu, akainama mbele ya Bi Mdogo, akapotea machoni mwangu. Nikaona mkono wake unapanda juu ya boneti, vidole vimetanuliwa.

"Shubiri!" akapaza sauti. "Shubiri nzima imebaki!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, kama hukuvisikia huko uliko basi huna nafasi. Mnunuzi akakunja minyororo yake huku anacheka. "Bibi, basi hata kitu kidogo nisirudi mtupu?"

"Mchukue jogoo," Bibi akamwambia. "Hana mkia, hatakupa shida kumfunga."

Halafu akanigeukia. "Mke mwenzangu, nipandishe."

Nilikuwa nimemchomelea kiti kwenye madigadi ya kushoto, pale pale pake, na vyuma vya kushika pande zote mbili. Tukapanda kilima. Shambani alishuka, akaingia katikati ya ufuta mpaka nikamwona kilemba tu. Akavunja shina moja, akalipindua kiganjani, mbegu zikamwagika, akazitia mdomoni zote. Akasimama anatafuna. Nikamwacha atafune.

Wakati wa kurudi tukafika chini ya mteremko nikakanyaga, tukasimama, tumenyooka. Nikageuka kumwangalia. Amevishika vile vyuma kwa nguvu, amefumba macho, amejikaza.

"Bibi, tumeshasimama."

Akafumbua. Akatazama kushoto, akatazama mbele. "Kumbe nimejikaza bure," akasema. Kisha akatabasamu peke yake. "Alijua, huyo mume wetu."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni kulia ndiko kubovu. Sili ilishaanza kupatikana Lindi, nikamwambia nenda kanunue, umtengeneze mtoto wa watu. Unajua alinijibu nini? 'Akinyooka huyu, wewe utaniangukia lini?'"

Nikakumbuka, Babu. Bi Mdogo akivuta kushoto, aliyekaa kushoto anaangukia kwa dereva. Kila safari, chini ya mteremko, kichwa cha Bibi begani kwako, nanyi mnaingia mchangani mnacheka, na sisi tunapiga makofi tukidhani tunashangilia trekta.

"Basi nikulegezee ya kulia kidogo?" nikamuuliza.

"Thubutu! Uniue?" Akanipiga kofi la paja. Injini inanguruma taratibu, Bi Mdogo ametulia kabisa, na Bibi akaviachia vile vyuma, akaniegemea begani, na uzito wake wote. "Sasa naanguka nikipenda," akasema.

Kesho asubuhi tunakwenda tena, ameshapanga hata chakula cha kubeba. Kipande chake cha kanga nimemrudishia, amekifunga kwenye mchi. Kandambili yangu nimeipigilia kwenye nguzo ya banda, kila anayeingia anaiona, na aibu ni yako.

Pumzika, mume wangu. Ukisikia mngurumo unashuka mteremko, usishtuke, usishike kitu. Tunasimama.

Mkeo wa tatu, mjukuu uliyemwibia kandambili,
Somoe